Unga wa Mtani Haufuti Kesi

Mimi ni Mwamini, mkulima wa Mbekenyera. Nina shamba la mikorosho aliloniachia mama. Asubuhi napalilia, mchana napika, jioni nachota maji. Sina ugomvi na mtu. Ila usiniguse.

Shemeji yangu Seifu alinigusa. Nilimkuta anaokota korosho chini ya mikorosho yangu. Nilipomwambia aziache, alinipiga kofi mdomo ukapasuka, akaondoka nazo. Sikulia. Nilikwenda polisi, nikatibiwa zahanati, na kesi ikafunguliwa mahakama ya mwanzo. Seifu akapewa dhamana, tukapangiwa siku ya kurudi.

Basi ukoo mzima ukanigeukia. Eti nimemwaibisha ndugu wa mume wangu! Wakamwita mtani wetu Hasani, Myao wa Mnero. Kwetu mtani akiwapaka unga waliogombana, ugomvi umekwisha, na anayenuna anachekwa. Hasani alikuja, akatania, watu wakacheka. Akampaka Seifu, akanipaka na mimi. Hakuna aliyeniuliza kama nimesamehe. Nilipotaka kusema, mume wangu Amiri alinikanyaga mguu.

Siku ya kesi ilipofika, Seifu alibaki nyumbani anaanika korosho. Mimi nilikwenda. Hakimu alipoona mshtakiwa hayupo, akatoa amri akamatwe. Habari ilifika kijijini kabla yangu. Amiri alinipokea kwa makelele, kwamba tulishapakwa unga, sasa polisi wa nini? Hapo ndipo jirani yetu Scola aliingia. Yeye ni msaidizi wa kisheria, na makelele yetu alikuwa ameyasikia yote.

"Unga ni wa nyumbani," alimwambia Amiri. "Kesi iko mahakamani, na hakimu ndiye mwenye kuimaliza."

"Kwa hiyo ndugu wakipatana, mmoja afungwe tu?"

"Hapana, kaka Amiri. Kwa kosa dogo kama kofi hili, sheria inaruhusu kupatana. Lakini mnakwenda wote mbele ya hakimu. Atamuuliza Mwamini kama amekubali kwa hiari yake. Akiridhika, ataandika mlivyokubaliana na kuiondoa kesi. Ingekuwa kubaka au kukatana mapanga, hayo si ya kumalizana nyumbani."

"Na mimi nikikataa?" nikauliza.

"Kesi inaendelea, dada. Hakuna wa kukulazimisha."

Tangu nipigwe, huyo ndiye wa kwanza kuniambia kwamba kauli yangu inahitajika. Nilikasirika zaidi. Kumbe muda wote walikuwa wanagawana haki yangu bila mimi!

Scola alimshauri Seifu ajipeleke mwenyewe mahakamani, na Seifu akaenda, nasi tukamfuata. Alimweleza hakimu kwamba alidhani unga umemaliza kesi. Hakimu alimkaripia kwa kutofika, kisha akanigeukia. Akaniuliza kama ni kweli nimesamehe. Ukoo wote ulikuwa umekaa nyuma yangu.

"Sijasamehe," nilisema. "Sikuulizwa."

Amiri aliinamisha kichwa. Hakimu akauliza nataka nini ili tupatane.

"Akiri kosa lake hapa, mbele ya hawa waliocheka. Arudishe korosho zangu. Na asikanyage tena shambani kwangu."

Seifu alinong'ona kwamba amekosa.

"Sema kwa sauti," nikamwambia. "Kofi hukunipiga kimyakimya."

Akasema kwa sauti. Hakimu aliyaandika makubaliano, akatusomea, na kila mmoja akaulizwa kama ameridhika. Niliposema ndiyo, ilikuwa ndiyo yangu mwenyewe. Hakimu akaiondoa kesi, na Seifu akarudi kwa watoto wake. Korosho zangu alizileta kesho yake.

Nje ya mahakama Amiri aliniambia basi sasa nicheke, yameisha.

"Ya Seifu yameisha," nilimjibu. "Yako bado. Siku nyingine ukiona watu wananipatanisha, usinikanyage mguu. Niulize."

Akaniuliza kama nimemsamehe. Nilimwambia bado, ila nimefurahi kuulizwa.