Karata za Mikono Miwili

Kila Jumatatu na Jumatano Thuwaiba akirudi skuli hula, huoga, huenda chuoni kusoma Kurani, na baada ya sala ya alasiri hupita moja kwa moja kwenye klabu ya watoto ya mtaani kwao Kwahani. Klabu yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vitambaa. Ndani mlikuwa na meza tatu, mikeka, na rafu ya vitabu iliyopinda katikati kwa uzito. Msimamizi wake alikuwa Bi Saadiya, mwalimu wa sanaa aliyestaafu, mwanamke mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

Mwaka huo Bi Saadiya alitengeneza mchezo wa karata, akauita Kisiwa Chetu. Kwenye sanduku mlikuwa na karata mia tatu zenye picha za Unguja: watu, kazi, vyombo na mimea. Kabla ya kucheza, kila mtoto alichagua jambo moja analolipenda, akakusanya karata ishirini za jambo hilo, hizo zikawa fungu lake. Kisha wenzake wakaketi naye meza moja. Katikati ya meza palikuwa na ramani ya kisiwa iliyogawanywa viwanja, na karata za balaa: moto, taka, ukame, bahari kula ufukwe. Kila mzunguko balaa moja lilifunuliwa, na wachezaji walitoa karata zao kuliondoa. Hawakushindana. Ama wote waliokoa kisiwa, ama kisiwa kilizama na wote wakashindwa pamoja.

Siku Bi Saadiya alipoeleza kanuni, Thuwaiba hakuwepo. Alikuwa Jambiani kwenye harusi ya binamu yake. Aliporudi alikuta watoto wameshaanza. Haitham, aliyekuwa kiongozi wa meza ya dirishani, akamuuliza kama anaujua mchezo au aelezwe.

Thuwaiba alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la tatu. Aliona haya kuelezwa jambo ambalo hata watoto wadogo walikuwa wakilicheza huku wakicheka.

"Najua," akasema. "Nshaona."

Kilichokuwa kweli ni kwamba aliona mchezo mmoja, tena nusu, akiwa amesimama nyuma ya mabega ya watu.

Kutengeneza fungu lake kulimpa raha isiyo kifani. Alichagua mwani, kwa sababu shangazi yake, Bi Sichana, alilima mwani Jambiani. Alifukua sanduku kwa siku mbili nzima. Akapata picha za wanawake wamejifunga kanga kiunoni wakifunga mbegu kwenye kamba, vigingi vimesimama kwenye maji yaliyokupwa, magunia yamejaa, mwani wa zambarau umeanikwa juani. Karata kumi na mbili kati ya hizo zilikuwa na alama ndogo pembeni: mikono miwili iliyoshikana. Hakujua ni ya nini. Alidhani ni pambo, akafurahi kuwa karata zake zimependeza kuliko za wengine.

Meza yao ilikuwa na watu watatu. Haitham alikusanya zimamoto na madaktari, karata zenye nguvu ambazo kila moja ilitosha peke yake. Sumaiya, binti wa fundi baiskeli, alikusanya baiskeli na mafundi wake. Nyingi za Sumaiya nazo zilikuwa na ile mikono.

Siku ya kwanza bahari ikala ufukwe. Sumaiya akatoa picha ya baiskeli yenye tenga nyuma, akauliza, "Nani ananiitikia?"

Haitham akasema hana. Thuwaiba akazitazama karata zake, alizozibana kifuani kama wajomba zake wafanyavyo wakicheza karata barazani, mtu asizione. Alikuwa na kumi na mbili zenye mikono. Lakini zote zilikuwa za mwani, na iliyokuwa mezani ilikuwa ya baiskeli. Mwani uitikie vipi baiskeli? Akaona haiingii akilini. Bila shaka baiskeli huitikiwa na baiskeli.

"Sina," akasema.

Karata ya Sumaiya ikatupwa, na bahari ikameza kiwanja kimoja cha kisiwa. Ikawa hivyo mzunguko wa pili, na wa tatu. Thuwaiba alitoa karata zake chache zisizo na alama, zile nyingine akaendelea kuzibana. Haitham akidhani anazihifadhi kwa mpango fulani wa mtu mwenye akili, hakumuuliza.

Walicheza mara tatu, wakazama mara tatu. Meza nyingine zilikuwa zikiokoa kisiwa, watoto wakipongezana. Thuwaiba alirudi nyumbani akiwa haelewi. Fungu lilikuwa zuri. Kila picha ilikwenda na mwenzake, kuanzia mbegu hadi gunia. Sasa kosa liko wapi?

Jumatano Haitham akapata jibu lake. Akamwambia Sumaiya kwamba karata zake hazisaidii, maana kila akitoa moja inaishia kutupwa, basi abadilishe au aende meza nyingine.

Sumaiya alizitazama baiskeli zake kama fundi anayehesabu meno ya giya. "Mbona hamniitikii?" akauliza.

"Hatuna za kukuitikia," Haitham akasema, akamgeukia Thuwaiba. Thuwaiba akatikisa kichwa kukubali.

Sumaiya akazipanga karata zake vizuri, akazirudisha sandukuni, akavaa viatu. Jumatatu iliyofuata hakuja.

Thuwaiba alijiambia kwamba yeye hakusema lolote baya, kichwa tu ndicho alichotikisa. Hata hivyo kitu kilimchoma. Akangoja chumba kiwe kitupu, akaenda kuisoma karatasi ya kanuni iliyobandikwa ukutani. Ilisema: Karata ya mikono isipoitikiwa hutupwa. Akaisoma mara nne. Isipoitikiwa na nani? Na nini? Akasikia hatua za Bi Saadiya, akajifanya anatazama kalenda.

Nyumbani alizitandaza karata kitandani, akizipanga mbilimbili, kisha tatutatu, kisha kwa rangi. Mama yake, Bi Mayasa, alisimama mlangoni na kapu la nguo akamtazama.

"Si uwaulize wenzio?"

"Nnajua, mama. Nnafikiri tu."

Kadiri alivyofikiri ndivyo mambo yalivyozidi kumvurugikia. Na siku zilivyopita, kuuliza kukawa kugumu zaidi, kwa kuwa sasa angelazimika kueleza pia kwa nini hakuuliza mwanzo.

Hapo ndipo Bi Saadiya alipotangaza kwamba Jumamosi watakuja wageni, watoto wa klabu ya Jambiani, kujifunza mchezo. Akamtaka Thuwaiba awaeleze kanuni, kwa sababu anazungumza vizuri na fungu lake la mwani ni la kazi ya kwao wageni. Thuwaiba akaitika inshallah. Usiku ule hakumaliza chakula chake.

Jumamosi wageni sita walifika na mwalimu wao. Walimwamkia Bi Saadiya, wakanywa sharubati, wakaketi mikekani. Msichana mmoja mwembamba aitwaye Mwanapili akawekwa meza ya dirishani, pahala pa Sumaiya. Alipoziona karata za mwani alizichukua kwa mikono miwili. Akaeleza kwamba vile vikamba vidogo vya kufungia mbegu wao wanaviita taitai, na kwamba mama yake hufunga mia kwa asubuhi moja. Thuwaiba akamsikiliza, akatamani maelezo yake yasiishe.

Yakaisha. Thuwaiba akaanza kueleza. Kuhusu fungu alieleza vizuri, na kuhusu balaa vilevile. Watoto wote walikuwa wamenyamaza, na Bi Saadiya alisimama karibu na rafu akitabasamu. Ndipo Mwanapili akanyanyua karata mbili, moja ya mwani na moja ya mshoni wa makuti kutoka sandukuni.

"Hizi zote zina mikono," akasema. "Mwani unaweza kumwitikia mshoni?"

Jibu la uongo lilikuwa limeshamfika Thuwaiba mdomoni. Angesema hapana, kila kitu huitikia jamaa yake, na watoto sita wangekwenda nalo Jambiani. Akamtazama Mwanapili, aliyekuwa akingoja kwa uso wa mtu anayeamini.

"Sijui," akasema.

Haitham akacheka, akidhani ni mzaha. "Si unaweza? Mikono ni mikono. Yoyote huitikia yoyote. Ndiyo maana ya mchezo, watu wa kazi tofauti wanasaidiana."

Picha ya baiskeli yenye tenga ikamjia Thuwaiba, na ile nyingine, na ile nyingine. Kisha akalichukua fungu lake na kulitandaza mezani, karata zikiangalia juu. Zile kumi na mbili akazisogeza upande mmoja.

Haitham akazihesabu kwa kidole. Kicheko kikafutika usoni mwake.

"Zote hizi ulikuwa nazo?"

"Nilikuwa nazo. Nilidhani baiskeli huitikiwa na baiskeli. Sikuwepo zilipoelezwa kanuni, nikakwambia najua. Karata za Sumaiya hazikuwa mbaya. Tulizama kwa sababu yangu."

Thuwaiba akamgeukia Bi Saadiya, akaomba ruhusa ya kutoka. Bi Saadiya akamwambia aende, wageni watangoja.

Karakana ya fundi Himid, baba yake Sumaiya, ilikuwa vichochoro viwili nyuma ya klabu. Thuwaiba alimwamkia fundi, akamkuta Sumaiya ameinamia beseni la maji akitafuta tundu kwenye mpira wa ndani. Akamweleza yote, akiwa amesimama, bila kujipunguzia lawama. Sumaiya hakunyanyua uso. Kiputo kikatoka majini; akaweka alama kwa chaki.

"Nilidhani mimi ndiye mjinga," akasema mwishowe. "Nilirudia kanuni zote kichwani. Nikasema labda sikusikia vizuri."

"Ulisikia vizuri. Mimi ndiye sikusikia kabisa."

"Na Haitham amejua?"

"Wote wamejua. Hata wageni."

Sumaiya akajifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kila kidole. Akasema atakuja, lakini si kwa kuwa ameshasahau. Thuwaiba akasema anaelewa, na safari hii alielewa kweli.

Haitham aliwapokea mlangoni. Alimwomba radhi Sumaiya kwa maneno machache, macho chini. Sumaiya akazitoa tena baiskeli zake sandukuni, wakaketi wanne: Haitham, Sumaiya, Thuwaiba na Mwanapili, ambaye alikuwa ameshajikusanyia fungu la makuti. Bahari ikala ufukwe. Sumaiya akatoa baiskeli, akauliza nani anamwitikia, na Thuwaiba akaweka kando yake gunia la mwani. Baiskeli ikabeba gunia. Ukame ukaja, wakauondoa. Taka zikaja, wakaziondoa kwa shida. Viwanja viwili vilizama, na balaa la mwisho lilipofunuliwa lilikuwa moto mkubwa, ambao zimamoto mmoja wa Haitham hakuutosha. Mwanapili akatoa mshoni wa makuti, Thuwaiba akamwitikia kwa karata yake ya mwisho. Kisiwa kikabaki juu.

Wageni walipokwisha kuondoka, Bi Saadiya aliwaita Thuwaiba, Sumaiya na Haitham wamsaidie kupanga karata sandukuni.

"Thuwaiba, kutojua si kosa," akasema. "Ningekueleza kwa dakika tano. Ulichokosea ni kufanya kutojua kwako kuwa siri, na siri hiyo mwenzio ndiye aliyeumia nayo, akajiona mjinga naye hana kosa. Leo umesema kweli mbele ya watu, na hilo si jepesi, mimi mwenyewe limenishinda mara nyingi. Lakini siku nyingine iseme mapema, kabla haijamuumiza mtu." Kisha akamtazama Haitham. "Na wewe kiongozi, kabla hujamtoa mtu mezani, omba kwanza kuona kila mmoja ameshika nini."

Wakaitika wote. Thuwaiba akachukua karata nyingine, akaigeuza, akaitazama pembeni. Akasita kidogo tu.

"Bi Saadiya," akasema, "na hii alama ya jua dogo, ni ya nini?"

Haitham akaitupia jicho, akakuna kichwa. "Niambieni na mimi," akasema. "Sijawahi kujua."

Bi Saadiya akavuta kiti, akaketi.