Dakika Kumi za Umeme

Pale uwanja wa ndege walimwita Umeme. Jina hilo hakupewa bure. Ndege ikishusha abiria, yeye na wenzake watano waliingia na ndoo, matambaa na mifuko ya taka. Baada ya dakika kumi na mbili walikuwa nje. Vimeza vya viti vimefutwa, mikanda imepangwa, makombo yote yamezolewa. Hakuna kikosi kilichowafikia, na Umeme hakuona haya kulisema.

Kisha ugonjwa ukalipuka dunia nzima. Mipaka ikafungwa. Ndege zikaegeshwa kwa safu, kimya. Umeme akakaa nyumbani miezi saba. Hakukaa peke yake, kwa maana mama yake alikuwa amemwacha baba kwao mbali, akaja kumtembelea yeye na watoto kwa wiki mbili, akanasa hapohapo.

Mama aliyapokea maisha mapya kwa shingo upande, lakini aliyashika. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka wajukuu wakamtania. Aliwasalimia majirani kwa kuwapungia mkono. Madirisha aliyaacha wazi kutwa. Ila kila asubuhi aliuliza jambo lilelile.

"Baba yako anakula nini huko?"

"Si anapika mwenyewe, Mama."

"Baba yako? Yule huunguza hata maji."

Siku moja likatoka tangazo. Ndege zinaanza tena, moja kwa wiki, na ya kwanza itaruka Alhamisi. Mama alipata tiketi, akapimwa, akapewa cheti kwamba hana ugonjwa. Siku mbili kabla ya safari, Umeme alimkuta anatoa nguo kwenye mkoba.

"Siendi," alisema Mama. "Kifua changu unakijua. Kile kiti wamekalia wangapi? Meza ile wameshika wangapi?"

"Nitaisafisha mimi mwenyewe."

Mama alimtazama. Kisha akazirudisha nguo mkobani, moja moja.

Jumatano kikosi kiliitwa kazini kwa jaribio. Msimamizi aliwaambia wazi: "Leo mnakaguliwa na afisa wa afya. Msipopita, ndege ya kesho haipandishi abiria." Umeme alicheka ndani ya barakoa yake. Yeye akaguliwe kufuta meza!

Walifuta kwa sabuni kwanza, kama walivyoagizwa. Kisha Umeme akashika chupa ya dawa ya kuua vijidudu. Alipuliza, akafuta. Alipuliza, akafuta. Kila meza aliisugua mpaka ikang'aa, wenzake wakamfuata. Walimaliza kwa dakika kumi na nne.

Afisa wa afya alikuwa dada mdogo wa umri, mwenye miwani iliyojaa ukungu kwa sababu ya barakoa. Alivaa glavu, akagusa meza tatu.

"Hamjapita," alisema.

Damu ilimchemka Umeme. "Mdogo wangu, meza hiyo unaweza kujitazamia kama kioo."

"Inang'aa, dada, sikatai. Lakini haijawa salama. Hebu niambie, shati la shule likiwa na doa sugu, unalifanyaje?"

"Naliloweka."

"Ukilichovya majini na kulitoa papo hapo?"

"Doa linabaki palepale. Mtoto gani asiyelijua hilo?"

 Kisha Umeme akalitazama tambaa lake.

Afisa aligeuza chupa, akamwonyesha maandishi madogo. Yalisema sehemu iliyopulizwa iachwe ikiwa imelowa kwa dakika kumi. Umeme alikuwa ameshika chupa kama hiyo miaka mingi, lakini hakuwahi kusoma mgongo wake.

"Kila dawa ina muda wake," alisema afisa. "Hii ni dakika kumi. Ukiifuta mapema unaondoa dawa, vijidudu unaviacha. Ikikauka kabla ya muda, puliza tena. Na usiichanganye na dawa nyingine, inaweza kukudhuru."

"Kwa hiyo meza ikiwa salama, mama yangu yuko salama?"

"Meza ni sehemu moja tu. Ugonjwa huu unapita zaidi kwenye pumzi. Avae barakoa, ifunike pua na mdomo. Anawe mikono. Asijishike uso."

Umeme aliona aibu, na hakuificha. Mwenzake mmoja alianza kunong'ona, "Haraka haraka..."

"Malizia uone," alisema Umeme, na wote wakacheka, hata afisa.

"Tupe nafasi nyingine," Umeme akaomba. Wakapewa mpaka alasiri.

Safari hii aliwapanga upya. Wawili walitangulia na sabuni. Wawili wakafuata na dawa, kiti kwa kiti, kuanzia mbele. Mmoja alishika saa na kupuliza tena palipokauka. Umeme mwenyewe alibaki nyuma na tambaa. Mstari wa kwanza ulipotimiza dakika zake, ndipo alipoufuta. Hakuna aliyekaa bure, na hakuna meza iliyopunjwa hata dakika moja. Walitumia dakika arobaini na tano. Afisa aligusa, akauliza, akaangalia saa. Kisha akatia sahihi.

"Huo mpangilio nani kawafundisha?" aliuliza. "Kesho nawaletea vikosi vingine viutazame."

Alhamisi walisafisha tena kwa mpangilio uleule na muda uleule, na Umeme alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama kwenye mlango wa nyuma wa ndege, ndoo mkononi, abiria wakiingia mbele kwa kuachiana nafasi. Mama naye aliingia. Barakoa yake ilikuwa imepanda vizuri hadi juu ya pua. Alikaa, akafungua kimeza, akakinusa kwa mbali kama anayenunua samaki sokoni.

Ng'ambo ya njia, mzee mmoja alitoa kitambaa mfukoni na kuanza kufuta meza yake kwa wasiwasi.

"Usijisumbue, baba," alisema Mama, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Ndege hii kaisafisha mwanangu. Kachukua dakika arobaini na tano."

Mzee alirudisha kitambaa mfukoni. Umeme alishuka ngazi na ndoo yake, kichwa juu. Tangu aanze kazi, ilikuwa mara yake ya kwanza kusifiwa kwa kuchelewa, na aliona fahari kuliko siku zote.