Kuingilia Shinyanga, Kutokea Geita

Mgeni alikuwa na shingo moja, mashada yalikuwa mawili. Mapenzi haya yalianzia hapo, uwanja wa ndege wa Ibadakuli, mwaka 1995, vumbi la ndege likiwa halijatua na ngoma za pande mbili zikishindana mpaka kunguru wakahama kata.

Shada la Shinyanga lilishikwa na Jilala, afisa mipango, kijana mrefu aliyevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi hadi ingeweza kusimama bila yeye. La Geita lilishikwa na Bernadina, afisa mifugo, gauni la kitenge cha njano juu, mabuti ya mpira chini, maana alitokea zizini moja kwa moja. Mzungu wa wafadhili akainama. Wote wawili wakamkimbilia, vichwa vikagongana kwa kishindo kilichosikika Samuye, na mashada yote yakaishia shingoni mwa Jilala.

"Samahani, dada."

"Samahani siivai. Rudisha shada langu."

"Limeshanizoea."

"Watu wa Shinyanga, hata maua mnaiba?"

"Tunaazima. Nitalileta Geita mwenyewe, kwa mkono."

Mgeni alikuja na fedha za ujirani. Serikali za pande zinazopakana zikipanga maendeleo pamoja, zitapewa. Sharti ni mradi mmoja na saini za pande zote mbili. Kuhusu mradi hakuna aliyebisha: josho la kuogeshea ng'ombe, kwa sababu kupe walikuwa wanawamaliza. Ubishi ulikuwa ni wapi lijengwe. Bosi wa Shinyanga alilitaka Shinyanga. Bosi wa Geita alilitaka Geita. Vikao vikaenda mwaka mzima, soda zikanywewa za kutosha kujaza josho lenyewe, na mwisho wa meza Jilala na Bernadina wakapitishiana karanga na macho.

Jilala akapeleka washenga Nyarugusu, upande wa Geita, kwa Mzee Mihayo, baba yake Bernadina. Mzee akakubali, kwa masharti yake.

"Nataka ng'ombe, waje kwa miguu yao. Na wafike kabla msimu wa pamba haujafunguliwa. Yupo broka wa dhahabu anayemtaka binti, ananipigia honi ya Land Cruiser hapa kila Jumapili, na mimi nazeeka."

Ng'ombe wakatoka Samuye, kwao Jilala. Wakafika kwenye jiwe la mpaka, wakazuiwa. Ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, ilikuwa imezuka, na amri ilisema ng'ombe asiyeogeshwa asivuke kuingia Geita. Aliyeisaini ni Bernadina.

Jilala akakimbilia redio koli ya ofisi.

"Geita, Geita, hapa Shinyanga. Namtaka afisa mifugo. Ova."

"Nakupata, mpenzi. Ova."

"Usiniite mpenzi. Umezuia mahari yako mwenyewe. Kama umempenda mwenye Land Cruiser, sema. Ova."

Redio koli haina faragha. Kanda nzima ofisi zilikuwa zimeacha kazi.

"Ng'ombe wako wana kupe, Jilala. Huku ndama wa watu wanakufa. Nikipitisha wa kwangu, wa mwenzangu nitamzuia kwa mdomo gani? Ova."

"Nitawaogesha wapi? Josho letu liko kwenye mafaili. Ova."

"Basi njoo mpakani tulitoe huko. Ova."

Ikaingia sauti ya tatu, haijulikani ya wapi. "Nenda, shemeji. Dada ana haki. Ova."

Akaenda, amenuna. Alimkuta Bernadina kwenye jiwe la mpaka, mabuti yakiwa na matope, anachora chini kwa kijiti.

"Mwangaluka, mwenye hasira," akamsalimia Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Josho ni nini?"

"Bernadina, sijaja darasani."

"Ni mfereji, baba. Ng'ombe anaruka huku, anaogelea, anatokea kule. Nani kasema huku na kule lazima pawe mkoa mmoja?"

Jilala akatazama mchoro, akatazama jiwe. Uso ukaanza kumfunguka. "Aingilie kwangu, atokee kwako."

"Ameshaoga."

"Wakubwa watatufukuza."

"Watufukuze tumeshaoana."

Kikao cha mwisho, mgeni aliyekuja kuamua kama fedha zirudi kwao alibandikiwa mchoro ukutani na watu wawili ambao hawakutumwa.

"Nani kawaruhusu?" akauliza bosi wa Shinyanga.

"Hakuna, mzee," akasema Jilala. "Tukisubiri kuruhusiwa, ng'ombe watakwisha."

"Na likikaa katikati, litakuwa la nani?" akauliza wa Geita.

"La kila mwenye ng'ombe mwenye kupe," akasema Bernadina, na hakukaa.

Mgeni akaweka kalamu mezani. Kalamu ilikuwa moja. Wakubwa, kila mmoja akiogopa mwenzake asitangulie kusaini, wakaidaka pamoja, na vichwa vikagongana tena.

Nje ya ukumbi bosi wake alimshika Jilala kiwiko. "Wewe nakuhamishia kijiji cha mwisho wa mkoa."

"Wabeja, asante sana, mzee. Ndiko josho liliko."

Josho likajengwa. Ng'ombe wa mahari walisubiri mpakani muda mrefu hata wakazaa palepale, na Mzee Mihayo akatangaza kuwa ndama nao ni wake. Siku ya ufunguzi alikaa kwenye kigoda upande wa Geita, msimu wa pamba ukiwa mlangoni na broka ameegemea Land Cruiser nyuma yake. Ng'ombe wa kwanza akanusa dawa, akagoma. Wa nyuma wote wakagoma naye.

"Asiyeoga havuki," akasema Mihayo. "Si sheria ya binti yangu hiyo?"

Broka akacheka na kuzungusha funguo.

Jilala akavua koti la Kaunda, akajifunga kamba ya ng'ombe kiunoni, akaruka. Ng'ombe akamfuata, na kundi likamfuata ng'ombe, maji yakapanda mpaka yakamwosha broka na gari lake. Kijana aliingia akiwa Shinyanga, akaibukia Geita, ananuka dawa. Akina mama wakammwagia ndoo za maji safi.

Bernadina, kitenge cha njano na mabuti yaleyale, akamshika kichwa, akamkagua nyuma ya masikio kama ndama.

"Hana kupe, baba."

"Basi apite," akasema Mihayo.

"Na shada langu liko wapi?" Bernadina akamnong'oneza.

"Limetundikwa chumbani, Shinyanga. Ukalichukue mwenyewe."

"Uliniahidi kwa mkono."

Jilala akampa mkono. Bernadina akaushika, mbele ya baba yake na wakubwa wa pande zote mbili, na hakuuachia.