Asilimia Kumi na Tisa

Jumamosi moja kabla ya Krismasi ya 2019, duka la Kwamboka pale Arlington lilijaa watu mpaka mlangoni, kila mmoja na unga wake na dagaa wake, na Libère alikuwa kwenye foleni anaongea kama kawaida yake. Kazi yake ilikuwa kuendesha foklifti kwenye ghala moja huko Fort Worth, lakini Warundi wenzake wa Haltom City, na Wakongomani, na Wakenya, walimjua kwa jambo jingine. Kila Jumamosi jioni aliingia mubashara kwenye ukurasa wake, akapiga hesabu kwa Kiswahili, akataja timu ipi ya kikapu ya chuo ina nafasi gani ya kuingia mashindano ya Machi, yale ambayo timu sitini na nne hugombea ubingwa wa nchi nzima na ukifungwa mara moja tu umerudi nyumbani. Alikuwa akikosea mara chache, na jambo hilo lilikuwa limemvimbisha kichwa.

Siku hiyo Kwamboka alimuuliza kuhusu wasichana wa chuo kimoja cha Houston, maana kuna mtoto wa Mkenya mwenzake anayechezea huko. Libère akasema hao wasahau. Asilimia tisa, tena kawahurumia. Mchezeshaji wao, yule namba nne, akibanwa anapoteza mpira, na dakika za mwisho ubaridi unamwingia.

"Ubaridi gani?" sauti ikauliza nyuma yake.

Aligeuka. Msichana alimpita urefu kwa nusu kichwa. Alivaa trakisuti nyekundu, nywele kasuka mistari akazifunga kwa kitambaa cheusi, na kifuani kulikuwa na namba nne. Gunia la unga kalipakata kwa mkono mmoja.

"Nimekuuliza," alisema. "Ama unajua kuongea ukiwa mbele ya simu peke yake?"

Mtu mwenye akili zake angeomba radhi. Libère alianza kumsomea takwimu: mipira minne anapoteza kila mechi, mitano akicheza ugenini. Foleni nzima ikamcheka. Wawira, maana ndilo jina lake, alilipia unga, akamwambia aje Houston aone kwa macho kabla hajahesabu watu kama maboksi ya ghalani kwake, akatoka.

Basi akaenda. Alisafiri mwendo wa saa nne siku moja ya Januari, akamwona akifunga pointi ishirini na mbili, na mechi ilipoisha Wawira alimfuata mpaka alipoketi, jasho linamtiririka, akamuuliza kama amezihesabu zote au asaidiwe. Kuanzia hapo ugomvi ulihamia kwenye simu. Alimpigia kila siku saa ya chakula, kakaa juu ya foklifti. Wawira aliitukana hesabu yake, naye akautukana mkono wake wa kushoto, mwisho wanaulizana umekula nini. Mwanzoni mwa Februari Wawira alimwambia anampenda, kwa hasira, kama mtu aliyelazimishwa, na Libère akakiri kwamba kwake yeye ilianzia kwenye foleni ya unga. Timu nayo ikawa inashinda. Asilimia tisa ilipanda mpaka arobaini na moja.

Jumatano moja katikati ya Februari Wawira akapiga simu analia. Goti la kulia limevimba tangu Jumapili. Analifunga bendeji, anameza dawa, kocha hajui, mama yake hajui. Ni mwaka wake wa mwisho, mashindano ya Machi hajawahi kuyacheza, na mwezi wa tano anamaliza chuo, basi tena.

"Nimekwambia wewe kwa sababu ni wewe," alisema. "Usimwambie mtu."

Libère akaapa. Na kweli hakumwambia mtu. Hapo ndipo upumbavu wake ulipo, wala simtetei. Jumamosi ilipofika alikaa mbele ya simu, akaitazama ile arobaini na moja, akaona hawezi kuitamka, maana anajua si kweli, na watu wanamwamini kwa kuwa hawadanganyi. Akajipa njia: ataishusha namba lakini sababu hataitaja. Siri itabaki siri, na hesabu itabaki safi. Akatamka asilimia kumi na tisa, akahamia timu nyingine. Alilala vizuri kabisa.

Sasa watu wetu unawajua. Wote walikuwa na habari kwamba Libère na Wawira wanapendana. Timu haijafungwa, namba nne hajakosa mechi, halafu mpenzi wake mwenyewe anaishusha zaidi ya nusu bila neno. Kwa nini? Jumapili, ibada ya Wakenya pale Arlington haijaisha, ilishaamuliwa kwamba msichana ana mimba. Kuna aliyetaja miezi mitatu. Mwingine alimpigia mama yake, Jerioth, kumpa pole.

Jerioth hakupiga simu Houston. Aliwasha gari akiwa na sare yake ya unesi, akaendesha mpaka chuoni, akaingia chumbani kwa mwanawe na kufunga mlango. Ili ajinasue na uvumi wa mimba, Wawira alilazimika kuonyesha goti. Nesi aliyefanya kazi miaka ishirini huwezi kumwambia goti lile ni uchovu tu. Jioni hiyohiyo kocha alijua, na Wawira akawekwa benchi.

Alimpigia Libère kesho yake.

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, mpenzi. Haki ya Mungu."

"Usiniite mpenzi. Ulishusha namba."

"Nilishusha namba tu."

"Namba tu." Sauti yake ilikuwa tulivu, na hicho ndicho kilichomtisha. "Nimekuja kwako nikilia, ukanipeleka kwenye hesabu. Ungeweza kusema wiki hii hakuna kipindi. Ungesema unaumwa. Lakini ulitaka waseme Libère aliona mapema."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wawira alikata simu na kumfungia kila mahali.

Timu ilijikokota bila yeye. Daktari alimruhusu kurudi kwenye mashindano ya ligi yao, na Alhamisi ya tarehe kumi na mbili Machi alishavaa jezi kocha alipoingia na kuwaambia wavue. Ugonjwa mpya umefunga kila kitu. Ya ligi yamefutwa, ya Machi yamefutwa, nchi nzima. Libère alisoma habari hiyo ghalani, akakaa juu ya foklifti bila kuiwasha mpaka msimamizi akamfokea. Mechi za mwisho za maisha ya Wawira alizitazama akiwa benchi, na aliyemweka pale ni yeye Libère.

Chuo kikafunga mabweni. Jerioth hakupata ruhusa hospitalini, hivyo akampigia Libère, bila salamu. "Umeniaibisha kanisani, kijana. Utaenda kumchukua pamoja na vitu vyake, na sitaki kusikia mmesimama njiani."

Alikodi lori dogo akaenda. Wawira alifungua mlango, akamwangalia, akamwonyesha maboksi kwa kidole. Libère alibeba yote peke yake kutoka ghorofa ya tatu, huku Wawira ameketi kwenye ngazi amekunja mikono. Njiani walipita Huntsville, wakapita Madisonville, na kila Libère alipofungua mdomo aliambiwa aangalie barabara.

Karibu na Corsicana akasema hata hivyo. Ukurasa ameufunga. Alipenda kuaminiwa na watu kuliko alivyoogopa kumuumiza, anaona haya, na haombi kusamehewa kabla ya kufika.

"Alhamisi ile," Wawira alisema, "wenzangu walilia. Mimi nilimshukuru Mungu."

Libère akamwangalia.

"Daktari nilimdanganya haliumi. Tulipopasha misuli goti lilikataa, siwezi hata kuruka. Na bado nilikuwa naingia. Ningewaangusha wote na nilikuwa najua." Alikuwa anatazama dirishani. "Si kumi na tisa, Libère. Ni mbili. Labda tatu. Kocha hajui, mama hajui."

"Sitamwambia mtu. Naapa mbele ya—"

"Usiape. Mara ile uliapa."

Wawira akageuka kitini, akaunyoosha ule mguu mbovu juu ya mapaja ya Libère, akamwambia aongeze mwendo, mama anasubiri.