Waliokubaliwa Hupigiwa Simu

Siku ya maonyesho ya kampuni za mawakili, ukumbi mkubwa wa jiji la Leeds ulijaa suti. Vijana walisukumana kati ya meza, wakipokea kalamu za bure na kutabasamu mpaka mashavu yakawauma, kila mmoja akitaka akumbukwe. Gemma Ackroyd alikuwa ameanza vibaya. Mkanda wa mkoba wake ulikatika kwenye mvua, na meza ya kwanza aliyoifikia ilimpa mfuko wa kitambaa wenye jina la kampuni kwa maandishi makubwa ya njano. Akatia karatasi zake humo, akabana nywele zake nyekundu, akavuta mikono ya suti ya kijivu aliyoazima kwa binamu yake mfupi, kisha akaenda kupanga foleni kwenye meza ya Threlkeld na Wenzake.

"Dada, unajiua," sauti ikamnong'oneza kutoka nyuma.

"Nini tena?"

"Huo mfuko. Umesimama mlangoni kwa Threlkeld umebeba jina la mahasimu wao. Ni kama kwenda kuposwa umevaa pete ya mwanamume mwingine."

Gemma akageuka. Alikuwa kijana mrefu wa Kisingasinga, kilemba chake cha buluu kimeshabihiana na tai, ndevu zimechanwa vizuri, ila viatu vilivyolowa vilikuwa vinalia kila anapohama mguu.

"Kwani mfuko ndio unaoomba kazi?"

"Kwa hawa? Hata mfuko unasailiwa." Akaupokea, akaugeuza ndani nje, akamrudishia. "Manraj Sohal."

"Gemma Ackroyd. Na sikukuomba msaada."

"Najua, nimejitolea. Hilo nalo wanalipenda sana, kujitolea."

Walicheka mpaka wakafika mbele. Hapo msichana wa Threlkeld aliyevaa lulu shingoni akawaambia kwa upole kwamba maswali yao yote yamejibiwa kwenye tovuti. Gemma akatoka nje kwa hasira.

"Nimesimama muda wote ule niambiwe nikasome tovuti! Wangetupigia simu wakatwambia tubaki vitandani!"

"Njoo tule chipsi," Manraj akasema. "Hasira kwenye tumbo tupu itakuletea vidonda."

Wakala chipsi zenye mchuzi mzito na siki nyingi, chini ya paa la duka, mvua ikiwarushia matone. Mapenzi yao yalianzia hapo, na harufu ya siki.

Wote wawili walikuwa na shahada ya sheria, na wote wawili walikuwa wasaidizi wa mawakili. Maana yake ni kwamba walifanya kazi ya wakili mchana kutwa, kisha mtu mwingine akatia sahihi. Ili mtu aitwe wakili alihitaji nafasi ya uanagenzi, na nafasi za uanagenzi zililindwa kana kwamba ni dhahabu ya mfalme. Kwanza uandike insha: kwa nini unaipenda kampuni yetu kuliko nyingine? Ilhali kampuni zote zimejisifu kwa maneno yaleyale. Kisha ufanye mtihani wa kuchagua maumbo. Kisha uongee na kompyuta, ukitazama uso wako mwenyewe huku saa ikirudi nyuma, bila hata mtu mmoja upande wa pili wa kukuitikia "enhe". Mwisho mashine inakuandikia kwamba waombaji walikuwa wengi na wenye uwezo mkubwa. Aliyeyabuni mateso hayo hakika hakuwahi kuomba kazi maishani mwake.

Kila waliponyimwa, walikuwa na sheria yao: hakuna kulia kabla ya chipsi. Aliyenyimwa anakaa, mwenzake anapanga foleni.

"Wamenikataa alfajiri, Manraj! Alfajiri! Nani aliyeamka mapema hivyo ili anikatae?"

"Hakuna aliyeamka, kipenzi. Ni mashine. Siki nyingi?"

"Mwaga chupa yote."

Wakapeana moyo hivyo. Manraj alimfundisha maumbo, Gemma akamsahihishia insha. Walicheka zaidi lile swali la "tueleze ulivyowahi kukosea", kwa sababu kila mtu hudanganya hapo, anasema kosa lake ni kufanya kazi kwa bidii kupita kiasi.

Lakini mchezo aliopenda zaidi Manraj ulikuwa wa simu. Kila mwombaji anajua kwamba kampuni ikikukataa inakuandikia barua pepe, na ikikukubali inakupigia, tena mara nyingi namba haionekani. Basi Manraj alikuwa akificha namba yake, anaibana pua, anaongea Kiingereza cha matajiri, watu wa farasi na mbwa wa kuwinda.

"Naongea na Binti Ackroyd? Hapa ni Sir Fulani wa kampuni ya Fulani. Tumeamua kukupa nafasi, mradi uje na busu."

"Mshenzi wewe! Moyo wangu ulisimama!"

"Basi nije niuanzishe tena?"

Jioni moja, nyumbani kwao Gemma, Manraj alimuuliza kwa nini hasa anaitaka kazi hii. Gemma akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mama yake, Doreen, aliugua uti wa mgongo, serikali ikamkatia posho ya ulemavu. Wakili hawakuwa naye. Siku ya rufaa mama alikwenda amevaa ndara, kwa sababu miguu haikuingia viatuni, na mbele ya hakimu akashindwa kutoa neno. Gemma, wa miaka kumi na sita, bado ana sare ya shule, akasimama akasoma vifungu alivyovidurusu maktaba. Wakashinda.

"Mimi sina hadithi kama hiyo," Manraj akasema. "Baba seremala, mama nesi, hakuna aliyetunyima chochote. Nikiulizwa nini kilinigusa, nabaki nakodoa."

"Shukuru Mungu, mjinga wewe," Gemma akamwambia, akamlalia begani.

Masika yale wote wawili wakaitwa kwenye usaili wa mwisho wa Threlkeld, siku moja, Manraj asubuhi na Gemma mchana. Kwa Gemma ilikuwa kufa na kupona. Alikuwa ameapa mbele ya mama yake kwamba safari hii ikishindikana hataomba tena, maana kila barua ilikuwa inamla kidogo kidogo, na hakutaka kubaki mifupa.

Waliomsaili walikuwa wabia wawili: Rosalind Pennington, mwanamke wa makamo mwenye koti la kijani na sauti nyembamba ya puani, na mwanamume mmoja wa tai nyekundu. Wakamuuliza nini kilimleta kwenye sheria. Gemma akavuta pumzi, akasimulia. Alipofika kwenye ndara, akawaona wanatazamana.

"Ajabu," yule wa tai nyekundu akasema, akitabasamu upande mmoja. "Hadithi hii tumeisikia leo asubuhi. Naona inazunguka."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hakuuliza. Bi Pennington naye hakuuliza. Wakahamia swali la pili, na Gemma akajibu yote yaliyobaki kwa sauti ambayo hakuitambua.

Manraj alikuwa anamsubiri nje na mwavuli.

"Vipi, kipenzi? Umewamaliza?"

"Umewaambia habari za mama yangu."

Tabasamu likamtoka. "Gemma, nisikilize..."

"Umewaambia au hukuwaambia?"

"Nimewaambia, lakini sikusema ni yangu! Waliniuliza nani alinifanya niiheshimu sheria. Kila mtu anataja jaji fulani aliyekufa zamani. Mimi nikasema ni msichana ninayemfahamu."

"Msichana unayemfahamu!" Wapita njia wakageuka. "Sina jina? Nilikuwa na jina ulipokuwa unakula kwa mama yangu!"

"Niliogopa nikikutaja watasema tumepanga. Nilikuwa nakusifu, naapa..."

"Usiniapie! Ile siku ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho, Manraj. Wao wana baba zao, wana shule zao, mimi nilikuwa na ile siku. Umeingia nayo asubuhi, mimi nikaingia mchana nikaonekana mwizi wa kitu changu mwenyewe!"

Akaondoka kwenye mvua, mwavuli ukabaki mkononi mwa Manraj. Alimfungia namba yake kabla hata hajafika nyumbani.

Siku zilizofuata Gemma alienda kazini, akarudi, akakaa jikoni akitazama ukuta. Doreen alimtazama, akamwacha, hata ikamshinda.

"Yule kijana amepiga simu ya nyumbani. Nimemwambia umekufa."

"Akasemaje?"

"Akanipa pole. Kisha akauliza kama marehemu anakula."

Gemma alitaka kucheka, akajizuia kwa nguvu. "Mama, alichukua habari zako akawapelekea watu."

"Habari zangu? Mimi ningewaambia hata kituo cha basi, nilishinda kesi! Kilichokuuma wewe ni kwamba alisema kabla yako. Na una haki. Lakini mkasirikie kwa hilo, usimkasirikie kwa ajili ya ndara zangu."

Jumanne mchana Gemma alikuwa kwenye ngazi za ofisi anakula mkate wake, simu ikalia. Namba haikuonekana. Damu ikampanda. Akapokea.

"Naongea na Binti Ackroyd?" sauti ikasema, Kiingereza cha farasi na mbwa, nyembamba kama ya mtu aliyebana pua. "Hapa ni Threlkeld na Wenzake."

"Huna hata haya!" Gemma akafoka, sauti ikapanda ngazi zote. "Baada ya yote bado unanichezea? Unajua ulichonifanyia? Na hao Threlkeld wako nao! Watu wazima wawili, wanasheria, kazi yao ni kuuliza maswali, wakaona kitu kinawatatiza na hawakuniuliza! Neno moja tu: 'Ni wewe?' Ningejibu! Mtoto wa miaka kumi na sita alipewa nafasi ya kusema mbele ya hakimu, lakini mbele yao mtu anahukumiwa kwa tabasamu! Wakae na nafasi yao, na wewe kaa na pua yako!"

Upande wa pili mtu akakohoa kidogo.

"Binti Ackroyd, naitwa Rosalind Pennington."

Mkate ukamponyoka Gemma, ukashuka ngazi moja moja.

"Nadhani ulidhani mimi ni mtu mwingine," Bi Pennington akaendelea. "Bwana Sohal alikuja hapa Ijumaa bila miadi. Alikaa mapokezi mpaka nikashuka. Alituambia msichana wa ile hadithi ni wewe, na kwamba hakuwa na ruhusa yako kuisimulia. Nilikuwa nimepiga simu kukupa nafasi. Bado nakupa."

Hii ndiyo ile simu. Gemma alikuwa ameiota mara ngapi, akijiona anaruka, analia, anashukuru. Sasa imekuja, na kilichomjaa kifuani bado kilikuwa hasira.

"Kwa nini hamkuniuliza?"

"Tulikosea," Bi Pennington akasema. "Sina jibu bora kuliko hilo."

"Mwenzako wa tai nyekundu naye anasema hivyo?"

"Nitamtaka aseme mwenyewe, mbele yako."

"Akisema, nitakuja." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na Manraj?"

"Hayo siwezi kuyazungumza. Bwana Sohal ameshaandikiwa."

Ameandikiwa. Gemma alielewa mara moja. Akaifungua namba aliyoifunga, akapiga.

"Barua pepe?" akauliza.

"Barua pepe," Manraj akajibu. "Waombaji walikuwa wengi na wenye uwezo mkubwa. Wewe?"

"Simu."

Manraj akapiga ukelele wa furaha, ukelele wa kweli, mpaka Gemma akaiweka simu mbali na sikio. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Nyamaza! Bado nimekukasirikia."

"Najua. Nikasirikie vizuri tu. Gemma, umeipata!"

"Umeshakula chipsi?"

"Sijala. Sheria ilisema watu wawili."

Walikutana palepale chini ya paa. Manraj alikuja na ule mwavuli, macho mekundu, kilemba chake leo kikiwa cha rangi ya machungwa, kimefungwa harakaharaka. Gemma alimwonyesha benchi kwa kidole, akaenda kupanga foleni mwenyewe, akarudi na pakiti mbili zinazotoa mvuke.

"Nisamehe," Manraj akasema kabla ya kugusa chakula. "Hata kama nilikusifu, haikuwa yangu. Nilitakiwa nikuombe."

"Ulitakiwa. Na ukinichukulia tena kitu bila kuniomba, nitaenda kumwambia mama yako mbele ya hekalu zima." Akamsogezea siki. "Utafanya nini sasa?"

"Sijui. Nimechoka, Gemma. Wataniuliza tena kilichonigusa, nami nitakodoa tena. Pengine useremala."

"Useremala? Wewe uliyepigilia rafu yetu ikatuangukia? Toa simu yako. Fungua fomu inayofuata."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Soma swali."

Manraj akafuta mafuta vidoleni, akafungua, akasoma polepole: "Tueleze ulivyowahi kukosea, na ulichofanya baadaye." Akainua macho.

"Haya," Gemma akasema. "Wote wanadanganya hapo. Wewe ulikwenda Ijumaa ukakaa mapokezi na ukweli wako, ukijua utakugharimu nafasi. Hiyo ndiyo hadithi, na hakuna mwingine anayeweza kukutangulia nayo asubuhi. Andika."

Kidole cha Manraj kikaanza kutembea kwenye kioo. Baada ya mstari mmoja kikasimama.

"Hapa inabidi niseme nilimkosea nani," akasema. "Naomba ruhusa. Nikutaje?"

Gemma akachukua chipsi moja kutoka pakiti yake, akaitafuna mpaka ikaisha.

"Nitaje," akasema. "Jina langu lote."