Sauti ya Baba Kwenye Spika

Je, wewe umewahi kukasirishwa na kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako mwenyewe, tena kitu ulichosifiwa kwa kukitengeneza? Kama bado, msikilize msichana mmoja wa miaka kumi na miwili, ambaye kwa wingi wa maneno yake watu walimwita Chiriku.

Kila Jumamosi, akishamaliza chai yake, Chiriku alifuatana na baba yake kwenda machinjioni. Palikuwa mahali pa kuchinjia kuku, mali ya shangazi yake. Mbele kulikuwa na duka dogo lenye meza ya vigae vyeupe, na ukutani kilitundikwa cheti cha halali ndani ya fremu ya kioo. Kazi ya kwanza ya Chiriku ilikuwa kukifuta vumbi cheti hicho kwa kitambaa kikavu. Kazi ya pili ilikuwa kule nyuma, kutundika pazia zito la turubai baina ya matenga ya kuku na mahali pa kuchinjia. Haifai kuku amwone mwenzake akichinjwa, wala haifai akione kisu kikinolewa. Nyuma ya pazia zilipangwa faneli kumi za bati, kila moja ya kumshika kuku mmoja kichwa chini, na chini yake mfereji wa saruji uliopeleka damu shimoni.

Baba ndiye aliyekuwa mchinjaji. Alichinja kuku mia moja na hamsini kwa siku, bila papara. Alimweka kuku vizuri, akaelekea kibla, akasema, “Bismillahi, Allahu Akbar,” kisha akakata mara moja tu. Kuku wa pili naye akatajiwa jina la Mungu, na wa tatu naye, hivyo hivyo mpaka wa mwisho.

Basi ikatokea kwamba mwenye hoteli moja kubwa akataka kuku mia nne kila siku. Shangazi alikubali papo hapo, wala hakumwuliza atakayewachinja. Yeye ndiye aliyemlea Baba walipofiwa na wazazi wao. Alimwogesha, alimpeleka shule, alimnunulia kisu chake cha kwanza. Baba, na mvi zake zile, hakuwahi kumkatalia dada yake neno lolote. Alichinja mia nne. Ikifika adhuhuri koo lilikuwa limemkauka, sauti inakwaruza kama mlango wa bati.

“Wewe si ndiye fundi wa simu hapa?” Shangazi alimwambia Chiriku siku moja. “Mrekodi baba yako aseme mara moja, vizuri. Spika irudie yenyewe. Jina la Mungu si litakuwa limetajwa? Sasa mtu ajitese koo la nini?”

Chiriku alimrekodi baba yake mara tatu, mpaka ikapatikana sauti isiyo na kikohozi. Akaipanga ijirudie kila baada ya pumzi mbili, akaitundika spika ndogo msumarini juu ya faneli. Wanawake wanaonyonyoa manyoya walicheka na kupiga makofi.

“Dua la kuku halimpati mwewe,” akasema mmoja wao mnene, aliyependa utani, “na siku hizi kuku wenyewe wanasomewa na redio.”

Chiriku alitembea kifua mbele wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata alipeleka ndoo ya maji nyuma ya pazia. Alimkuta Baba amekaa juu ya debe, kikombe mkononi, anapumzisha mgongo. Faneli zote kumi zilikuwa tupu. Na juu yake sauti ya Baba, nzuri, safi, isiyo na kikohozi, ilikuwa ikisema, “Bismillahi, Allahu Akbar,” kwa bati tupu. Ikanyamaza. Ikasema tena.

Chiriku aliiweka ndoo chini. Hasira ilimpanda.

“Baba, unapochinja, na wewe huwa unasema?”

Baba alitazama ndani ya kikombe chake. “Mwanzoni nilikuwa nasema kimoyomoyo. Sasa mkono unakwenda mbio, mwanangu. Wakati mwingine sijui kama nimesema.”

“Kwa nini usimwambie Shangazi kwamba mia nne huwawezi?”

“Mkubwa haambiwi hivyo.”

Kabla Chiriku hajajibu, mlango wa nyuma ulipigwa teke. Aliingia dobi, jirani wa bondeni, ameshika shuka nyeupe kwa ncha mbili. Katikati ya shuka kulikuwa na doa jekundu pana kama sinia, na manyoya yamenata juu yake.

“Shuka za zahanati hizi,” alisema. “Za wagonjwa. Shimo lenu limefurika tangu juzi, damu inashuka mpaka kwenye kamba zangu. Cheti mmekitundika ukutani, uchafu mmeutundika kwangu.”

Shangazi alitoka dukani akijifuta mikono. “Bwana dobi, punguza sauti, kuna wateja mbele. Wiki ijayo nitaleta watu wachote.”

“Wiki iliyopita ulisema wiki ijayo.”

“Na wewe kazi yako si kufua? Basi fua.”

Dobi aliikunja shuka yake, akaondoka bila kuaga. Hapo ndipo Chiriku alipofungua mdomo.

“Shangazi, watu wanakula kuku wetu wakiamini wametajiwa jina la Mungu. Kumbe linatajwa na spika.”

“Nyamaza,” Shangazi alisema kwa sauti ya chini. “Mkaguzi wa halali anakuja Alhamisi kuangalia kama cheti chetu kiendelee. Spika utaificha kwenye mkoba wako wa shule. Funika kombe mwanaharamu apite. Cheti kikiondoka, baba yako atakwenda kuchinja wapi?”

Siku tano hizo Chiriku hakula akashiba. Aliwakasirikia wote: Shangazi kwa ukali wake, Baba kwa ukimya wake. Zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu kidole kilichobonyeza kile kitufe kilikuwa chake. Akisema, cheti kitaondoka na Baba atakosa kazi, naye kazi nyingine haijui. Asiposema, watu wataendelea kudanganywa kila wanapokaa kula.

Alhamisi, Chiriku alipotoka shule, machinjio yalikuwa yanang’aa. Shimo lilikuwa limechotwa. Pazia lilikuwa limefuliwa. Matengani walikuwemo kuku wachache tu, na Baba alichinja polepole, akitamka kwa sauti yake mwenyewe. Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa uzi. Alijaribu makali ya kisu kwa kukata karatasi. Alichungulia mfereji. Akamwuliza Shangazi wanachinja kuku wangapi kwa siku.

“Mia moja na hamsini, Ustadhi,” akajibu Shangazi bila kupepesa jicho.

Mkaguzi akatoa kidau cha wino na muhuri.

“Ustadhi,” akasema Chiriku, “leo si kama siku nyingine.”

“Chiriku, nenda ukachote maji,” akasema Shangazi.

“Tunachinja mia nne. Na Baba hasemi, inasema hii.” Alifungua mkoba, akaitoa spika chini ya madaftari, akaiweka mezani karibu na muhuri. “Mimi ndiye niliyerekodi. Nilisifiwa, nikafurahi. Shimo nalo linafurika, limechotwa jana kwa ajili yako. Muulize dobi.”

Shangazi aliinua mkono, lakini ulibaki hewani, kwa sababu Baba alikuwa amesogea, akasimama mbele ya binti yake.

Mkaguzi hakupiga kelele. Alikifunga kidau, na kila neno alilosema lilikuwa na hasira ndani yake. “Aliyesahau kutaja, wanazuoni wamemzungumzia, na Mungu ni mwingi wa huruma. Hapa hakuna aliyesahau. Hapa mmekaa mkapanga. Wenye njaa wamekuaminini, nanyi mmewawekea mashine.” Alikitoa cheti ukutani, na pale kilipokuwa pakabaki mraba mweupe. “Utakwenda mwenyewe, mama, ukawaambie wateja wako kweli, kuanzia hotelini. Mtachimba shimo la pili lenye mfuniko. Nitarudi baada ya siku arobaini, na sitasema ni saa ngapi.”

Zilikuwa siku ngumu. Shangazi alikwenda hotelini kwa miguu, akarudi macho mekundu. Mwenye hoteli alimfukuza mbele ya wapishi. Wiki mbili Shangazi hakumsemesha Chiriku hata salamu. Baba alishika sururu badala ya kisu, akachimba shimo la pili, na siku ya nne dobi alikuja na koleo lake bila kuitwa.

“Usinishukuru,” alimwambia Baba. “Nazilinda shuka zangu.”

Siku ya arobaini na moja mkaguzi alirudi. Alikaa nyuma ya pazia tangu kuku wa kwanza hadi wa mwisho, akasikiliza. Alishuka mpaka kwa dobi, akagusa kamba za nguo. Kisha akakirudisha cheti kwenye fremu, na kabla ya kuondoka akamwita Chiriku, lakini maneno yake aliwaelekezea wote.

“Halali haianzi kwenye kisu na haiishii kwenye kisu. Imo katika kinywa cha mchinjaji, katika shimo la damu, na katika uwanja wa jirani. Biashara inayozidi nguvu za mkono na ukubwa wa shimo lake itakula watu wake kwanza, kisha itajila yenyewe. Mtoto huyu alisema kweli iliyomhusu yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Mkubwa akimnyamazisha mtoto wa namna hii, anajiziba masikio yake.”

Shangazi aliinamisha kichwa. Jioni ile alimmiminia Chiriku chai kwa mkono wake, akaongeza sukari bila kuulizwa. Chiriku alijua hivyo ndivyo Shangazi anavyoomba msamaha, ingawa yeye mwenyewe hasira ilikuwa bado haijamtoka yote.

Asubuhi iliyofuata simu ya duka ililia. Alikuwa mwenye hoteli. Amesikia cheti kimerudi, anataka kuku wake, mia nne kama zamani, kuanzia kesho. Shangazi alifungua mdomo kujibu, kisha akaufunga. Akaiziba simu kwa kiganja, akageuka kumtazama mdogo wake aliyekuwa akikausha kisu mlangoni.

“Wewe unasemaje?” akauliza. Katika umri wao wote hakuwahi kumwuliza hivyo.

Baba alikiweka kisu juu ya vigae. Alikohoa kidogo, akamtazama Chiriku, kisha akamtazama dada yake usoni.

“Mia nne siwezi, Dada,” akasema. “Sikuweza tangu siku ya kwanza, na siku hiyo hiyo nilitaka kukwambia.”