Bomba Lililopakwa Oili

Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, dereva mmoja alimpandisha mkewe kwenye pikapu yao. Figo zote mbili za mkewe zilikuwa zimekufa. Bila kusafishwa damu kwa mashine asingeishi. Hospitali ilikuwa juu ya mlima, na zamu yake ilianza saa moja na nusu. Ukichelewa, kitanda hupewa mwingine.

Jumanne moja pikapu ilikataa kupanda. Haikuzima. Ilitoa moshi mweusi, ikapiga mluzi, ikajikokota huku malori yakiipita. Mke alitazama saa, kisha akatazama nje. Walifika saa mbili na robo.

"Mama, nafasi imeshachukuliwa," muuguzi alisema bila kumtazama usoni. "Njooni Ijumaa. Punguza kunywa maji. Ukizidiwa, urudi siku hiyo hiyo."

Dereva hakukaa bure. Alikuwa bingwa wa kujifanya anajua. Aliona bomba la mpira limechomoka kwenye injini. Akalipaka oili liingie kwa urahisi, akalisukuma ndani, akalizungushia ukanda wa tairi kuukuu. Akabadilisha na chujio la dizeli.

"Moshi mweusi ni dizeli chafu," alisema. "Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Maneno hayo yameua magari mengi.

Kufikia Alhamisi, miguu ya mkewe ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Alikaa kitandani ameegemea ukuta, akihema. Mchana jirani yao alikuja kumjulia hali. Alikuwa mwanamke aliyetengeneza mabasi miaka ishirini, na mtaa mzima ulimwita Bi Spana. Akiwa mlangoni alisikia dereva akiwasha gari.

"Shemeji, huo mluzi wa nini?"

"Hiyo turbo, Bi Spana. Inafanya kazi."

"Inavuja hiyo. Zima. Tusubiri ipoe, turbo inaunguza."

Injini ilipopoa alifungua boneti.

"Turbo ni feni," alisema. "Inasukuma hewa kwa nguvu kwenye mabomba haya mpaka kwenye injini. Bomba likivuja, hewa inatoka nje. Dizeli ipo, hewa haitoshi, basi dizeli haiungui yote. Ndiyo maana unaona moshi mweusi na gari halina nguvu."

"Na chujio nililobadilisha?"

"Mgonjwa anaumwa tumbo, wewe umemfunga bandeji mguuni."

Alifungua ule ukanda. Bomba likachomoka kwa vidole viwili.

"Nani kapaka oili hapa?"

"Mimi. Ili liingie vizuri."

"Likaingia vizuri, na linatoka vizuri. Hewa inasukuma, oili inatelezesha. Mahali hapa panataka pawe pasafi na pakavu."

Alilikunja bomba. Kwa chini lilikuwa na ufa mrefu.

"Hili halifungwi na ukanda. Kalete jipya, la turbo, lisiwe la maji. Na klipu mpya mbili za kulibana."

Dereva aliporudi na vifaa, walifuta mdomo wa chuma unaovaa bomba mpaka ukakauka. Bi Spana akamwonyesha tuta dogo kwenye ule mdomo.

"Klipu ikae nyuma ya tuta, sio juu yake. Kaza ibane, lakini isikate mpira."

Dereva alitaka kufunga boneti.

"Haraka ya nini? Huenda kuna tundu lingine."

Alikwenda kwake akaleta kizibo chenye vali ya kujazia na pampu ya upepo. Akaziba njia ya kuingizia hewa kwenye turbo, akajaza upepo kidogo sana, chini kabisa ya ule wa tairi. "Ukizidisha utapasua kitu. Na usisimame mbele ya kizibo." Kisha akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Bomba jipya lilitulia. Kiungo cha mbele, karibu na rejeta inayopoza hewa ya turbo, kilitoa mapovu. Klipu yake ilikuwa imelegea. Dereva aliikaza mwenyewe. Mapovu yakakoma.

"Laiti ningekuita mapema," alisema.

"Mkeo hakukwambia uniite?"

Alikuwa amemwambia, mwezi mzima, tangu mluzi uanze kusikika kwa mbali. Dereva aliona aibu kufundishwa gari lake na mwanamke. Sasa aibu ilimkaba zaidi, akainamia injini asionekane macho.

Ijumaa pikapu ilipanda mlima bila mluzi wala moshi. Walifika saa moja na dakika tano. Mkewe alipata kitanda chake, na mashine ikamtoa maji mengi mwilini. Lakini daktari alimwita dereva pembeni.

"Maji yalimlemea moyo," alisema. "Atapata nafuu, ila moyo wake hautakuwa kama zamani. Asikose zamu tena."

Wakati wa kutoka, mkewe hakuweza kutembea. Dereva alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye gari.

"Nisamehe," alisema. "Ulinambia nimwite."

Akampandisha, akamfunga mkanda.

"Jumanne tuwahi," mkewe alisema.

Jumatatu, injini ikiwa imepoa, dereva alikagua kila bomba na kila klipu. Jumanne walifika saa moja kamili, kabla mlango wa wodi haujafunguliwa, wakasubiri.